Bua la Msabah

Wanaodhani kazi ya kompyuta ni ya watu wapole hawajapata kumwambia fundi kwamba kazi yake imetoboka. Msabah alimwambia, na malipo yake aliyapata bila kuchelewa.

Alizaliwa Makunduchi, akahamia Mkunazini, Mji Mkongwe, katika chumba cha juu chenye dirisha moja na joto la tanuri. Humo alikuwa akivunja mikataba. Si ya karatasi, bali ile ya kidijitali: programu inayoshika fedha za watu na kuzigawa yenyewe, bila karani wala hakimu, kwa kufuata ilichoandikiwa tu. Ikiandikwa vibaya huwafilisi wenye mali, tena kwa uaminifu mkubwa. Basi Msabah akatunga programu nyingine ya kuipiga kabla wezi hawajaifikia. Akaiita Bua.

Jina alilitoa kwao. Siku ya Mwaka Kogwa, sherehe ya kuukaribisha mwaka mpya, wanaume wa Makunduchi hutoka uwanjani na mabua ya migomba, wakatwangana kumaliza vinyongo vya mwaka mzima. Bua laini huuma, haliui. Wakishapigana hupeana mikono, husema yamekwisha, na jambo lile halitajwi tena.

Bua lake la mwanzo lilikuwa legelege. Lilirusha maagizo ya ovyo, tarehe zisizokuwepo, namba zilizo chini ya sifuri, na mikataba ikasimama kidete. Ndipo alipokumbuka wapiganaji hodari wa kwao: hawarushi mkono tu. Wakimwona mtu kajikunyata upande mmoja, hurudi papo hapo. Akalifundisha Bua kukumbuka. Pigo lolote lililofungua njia mpya ndani ya mkataba lilihifadhiwa, likageuzwa kidogo, likapigwa tena na tena mpaka ukuta upasuke. Tangu hapo likawa katili. Msabah alikuwa akilitazama huku kakunja ngumi, anacheka peke yake. Alilipenda mno.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Haroub, aliyekaa naye mkeka mmoja chuoni, siku hizi alikuwa na ofisi Bububu, na ndiye aliyewaandikia mkataba akina mama wakulima wa mwani wa Makunduchi, waweke humo akiba ya ushirika wao. Mmoja wao ni Bi Mashavu, mamake Msabah. Fedha zingeingia siku ya pili ya Mwaka Kogwa, na zikishaingia mkataba haubadilishiki. Msabah akautupia Bua kwa nia njema, na haukumaliza hata asubuhi moja. Ulikuwa ukimpa mtu fungu lake kabla ya kuandika kwamba keshachukua. Mwenye hila angenyoosha bakuli tena na tena, mpaka sufuria iishe.

Akaenda Bububu kumwambia. Haroub angeweza kulirekebisha kosa lile siku hiyo hiyo. Lakini alishawaapia akina mama kwamba kazi yake haina tundu, na kiburi kikampanda. Akafunga mlango, akamkaba Msabah koo, akamgongesha kichwa ukutani mpaka chokaa ikamwagika.

“Nshawaapia wale mama mimi,” alisema. “Ukenda kuwatia maneno, ntakuua.”

Msabah akenda vilevile. Akina mama walimcheka, maana Haroub alishatangulia kwa simu. Bi Mashavu alimvuta pembeni.

“Husuda mbaya, mwanangu. Kama mna kinyongo, Kogwa hiyo inakuja. Kapiganeni, yaishe.”

“Mama, si kinyongo hiki. Ni tundu.”

“Basi lizibeni uwanjani.”

Siku ilipofika vumbi lilitimka, na wanawake waliwaimbia wanaume matusi ambayo siku nyingine yangevunja ndoa. Haroub alimjia moja kwa moja. Bua la kwanza lilitua begani, sawa. Msabah akamrudishia la uso, na wallahi aliona raha. Akamwongeza la shingo, utomvu ukawarukia wote wawili. Haroub akalitupa bua lake, akachukua jingine lililokuwa limelazwa nyuma yake.

Lile halikupinda. Lilimpata Msabah mkono wa kushoto, na mfupa ukalia wazi wazi. La pili likampasua juu ya jicho. La tatu likamlaza kifudifudi, na Haroub aliendelea kumpiga mgongoni wakati watu bado wanashangilia. Mcheza kwao hutunzwa, naye alitunzwa mpaka damu ikatengeneza matope. Hapo ndipo walipomvuta Haroub.

“Yamekwisha, ndugu yangu,” Haroub alisema akihema, kanyoosha mkono.

“Mpe mkono, mwanangu,” alisema Bi Mashavu.

Mkono wa kulia ulikuwa mzima. Msabah alijua akiutoa tu, tundu lile litakuwa jambo lisilotajwa, na kesho yake jasho la mama yake litaingia humo. Akauficha mgongoni.

“Hayajakwisha.”

Kumkatalia mtu mkono siku ya Kogwa ni kuuapiza mwaka wa kijiji kizima. Bi Mashavu alimzaba kofi pale pale penye damu.

“Unanitia aibu mbele ya watu!” Alikuwa akilia kwa hasira. Akainama aliokote lile bua, akalitupe kwenye kibanda cha makuti kinachochomwa kila Kogwa, ambacho kilikuwa kikiungua, uchungu umtoke.

Lilikuwa zito. Akalipima mikononi, akalichana kwa kucha, ganda baada ya ganda. Ndani mlikuwa na nondo ya chuma. Haroub alirudi nyuma hatua moja, na Bi Mashavu akamtandika nayo ya goti. Akaanguka akipiga mayowe, na hakuna aliyemsogelea.

Amne, katibu wa ushirika, alikuwa keshavua kanga yake amfunge Msabah mkono. Bi Mashavu akamzuia. Akapiga magoti mbele ya mwanawe, nondo bado mkononi.

“Na ule mkataba wake,” alimwuliza, “ndani mna nini?”

“Mwache afungwe kwanza, Bi Mashavu,” alisema Amne.

“Aseme kwanza. Mkono utafungwa.”

Msabah akatema damu, akaanza kusema, na akina mama wakakaa chini vumbini kumsikiliza.