Dada wa Kazi Mwenye Ndevu

Mapenzi yalinivalisha gauni. Sisemi nililazimishwa. Nilijitolea mwenyewe, mtu mzima, dereva wa folklifti kwenye maghala ya Wetherill Park, nikanyoa na sharubu nilizozilea kuliko mtoto.

Mwalimu wetu wa kwaya hapa ughaibuni, mtaani Toongabbie, bibi mmoja Mrusi, alituletea opera fupi ya kuchekesha ya kwao: kijana anajigeuza dada wa kazi ili aingie nyumbani kwa mpenzi wake, mama mtu asijue. Mpenzi aliigizwa na binti wa Kirundi niliyempenda hadi usingizi ukaniruka. Nilitaka kumuoa. Tatizo mama yake. Yule mama nilimwogopa, jamani! Kila nikimrudisha binti kutoka mazoezini, nilisimamisha gari konani, nikazima taa kama mwizi.

Siku ya onyesho ukumbi ulijaa. Nikaingia na gauni la kitenge, kilemba, na poda ya kutosha kupaka ukuta. Nikaimba, na bila kujisifu, niliimba. Sasa kwetu mwimbaji akikukosha hukai kitini, unakwenda kumtunza. Mrusi wa watu hakulijua hilo. Akainuka nani? Mama mtu wa kweli! Anakuja akicheza, vigelegele juu, leso mkononi, anifute jasho.

Alifuta shavu, poda yote ikahamia kwenye leso. Akaitazama leso. Akakitazama kidevu changu, ndevu zimeshachipua tangu asubuhi.

"Haa! Kumbe ni wewe unayezimaga taa pale konani kwangu!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Kwenye opera kijana hutorokea dirishani, nami nikaona heri niwahi. Dirisha letu lilikuwa la boksi. Nilianguka nalo, gauni likanifunika kichwa, wote wakaiona kaptula yangu ya kazini. Aibu ile simwombei hata adui.

Mama akainama juu yangu. "Baba," akaniambia taratibu, "nyumba yangu ina mlango."

Jumamosi nikapiga hodi, nimevaa suti. Akafungua mwenyewe, akanikagua kuanzia viatu hadi mdomo usio na sharubu. Akasogea pembeni nipite.

"Dada wa kazi," akasema, "karibu. Vitunguu viko mezani."

Nikavua koti.