Kavindu Apima Ardhi Kwanza

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na moja. Hapana, huo ndio ule mvua ilitunyima kabisa. Kabichi zingetoka wapi? Ilikuwa mwisho wa ishirini na tatu, mvua ilipokuja mpaka tukaiogopa, na Kavindu wa Kikima alikuwa amepakia kabichi mia nne kwa lori la Kaloki.

Kavindu hajawahi kushika usukani. Yeye ni mpimaji wa matuta. Wanakikundi wa mwethya, wale wa kusaidiana kazi za shamba, wakitaka kuchimba matuta kwa shamba la mtu, humwita kwanza, naye huja na kamba, vijiti viwili na chupa ya maji. Hewa ya ndani ya chupa ikitulia katikati, husema, "Hapa sawa, chimbeni." Ni miaka ishirini na sita sasa, na hakuna tuta lake lililopasuka.

Asubuhi hiyo kabichi zilikuwa zimekatwa tangu jana, na soko la Kathonzweni lilikuwa siku hiyo hiyo. Zikikaa siku nyingine, ni chakula cha mbuzi. Lakini Kaloki alikuwa ameinamia injini, akifuta kijiti cha oili na kitambaa.

"Mwaitu, mama yangu, hatuendi," akasema. "Hii kitu inakunywa oili kama ng'ombe. Juzi nimeongeza, jana nimeongeza, leo kijiti kinasema iko chini tena. Na huo moshi umeuona. Injini ni ya kufunguliwa."

"Inavuja?"

"Hata tone."

Kavindu akalitazama lile lori. Lilikuwa mbele ya duka la mbolea, pua imeelekea mlimani.

"Unalaza gari hapa tangu lini?"

"Tangu wiki jana. Kule chini kumejaa matope."

"Oili umepima. Ardhi umepima?"

Kaloki akacheka. "Mwaitu, hili ni lori, si shamba la maharagwe."

Kavindu akainama. Alitoa chupa yake kwa kikapu, akailaza chini kando ya gurudumu. Hewa ikakimbia upande wa mlima, ikakaa huko.

"Ona. Maji yote yamerudi nyuma. Oili yako nayo imerudi nyuma, na kijiti chako kiko mbele. Kitashika nini?"

Kaloki akachuchumaa kuitazama chupa. "Na moshi?"

"Mtoto akinyonyeshwa kupita kiasi hatapiki?"

Wakalipeleka lori kwa uwanja wa kanisa, ambao Kavindu mwenyewe aliupima walipotaka kusimamisha hema. Kaloki akazima injini, akangoja robo saa oili ishuke. Akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha mpaka mwisho, akachomoa tena. Oili ilikuwa vidole viwili juu ya alama ya juu. Akarudia mara tatu, kama mtu aliyesomewa barua asiyoitaka.

"Usiseme kitu, Mwaitu."

"Nimesema?"

Akalegeza nati ya chini, akapunguza oili kidogo kidogo kwa jerikani, mpaka kijiti kikalowa katikati ya alama mbili. Kabla hawajamaliza mteremko, moshi ulikuwa umepungua. Saa nane mchana Kavindu alikuwa anakunja magunia matupu Kathonzweni.

Tangu siku hiyo huuliza kila dereva anayepanda Kikima: huyo aliyechora alama mbili za kijiti, yeye alipimiwa na nani mahali pa kusimamisha gari?