Jina Lililovuka Pazia

Mwanamke ambaye hajapimwa na Chibalonza amevaa sidiria isiyo saizi yake. Hayo ni maneno ya Chibalonza mwenyewe, na huyasema bila haya, kanisani, kwenye treni, hata msibani, huku amekukazia macho kifuani kama fundi anayekagua paa linalovuja. Ubaya ni kwamba hakosei. Atakwambia mkanda umelegea, vikombe ni vidogo, na maumivu ya mgongo unayowasingizia wazee unaowanyanyua kazini yanatoka hapo hapo.

Ana miaka hamsini na minne. Ni mjane, mzaliwa wa Bukavu, anakaa St Marys na binti yake wa mwisho, ambaye husemeshwa Kiswahili akajibu Kiingereza. Kwao alikuwa fundi cherehani. Alipofika Sydney alisafisha ofisi miaka sita, mpaka siku alipoingia duka la nguo za ndani kule Penrith kujinunulia sidiria moja tu, akamkuta msichana wa duka anambana mteja kwa futi ya kupimia kana kwamba anafunga gunia. Akashindwa kujizuia. Aliomba ile futi, akapima yeye, mteja akatoka amenyooka mgongo, na meneja akamuuliza jina. Huu ni mwaka wa tisa futi ipo shingoni mwake.

Lakini wanawake wa kwetu hawakumfuata kwa sababu ya futi. Walimfuata kwa sababu ya mdomo wake, ambao kwa mizaha haufungiki na kwa siri haufunguki. Alishaona makovu ya risasi na ya moto, alishaona alama za ngumi za waume wanaoheshimika, na hakuna hata moja lililomtoka. Wako akina mama wawili pale kanisani ambao hawajasalimiana tangu mwaka juzi, na siri za wote wawili zimelala kwa Chibalonza bila kugombana.

Ndiyo maana meneja, Mzungu mpole, alimpa Jumanne asubuhi. Duka huwa kimya saa hizo, na vile vyumba vinne vya kujaribia kule nyuma vikawa vya akina mama wa Kikongo na Kirundi. Huja kwa kundi. Bibi harusi huja na mashangazi zake, mapazia yakawa nusu wazi, sidiria zikarushwa kutoka chumba hiki kwenda kile, na vicheko vikasikika hadi kwenye ngazi za umeme. Waume huachwa mbele, penye soksi. Chibalonza aliwapa akina mama neno lake kwamba Jumanne asubuhi mwanaume hakanyagi huku nyuma, na walimwamini.

Sasa, palikuwa na Anésie. Huyu ni Mrundi aliyekulia kambini Kigoma, mama wa watoto watatu, anayetunza wazee hapo hapo Penrith. Mwaka jana madaktari walimkata titi la kushoto. Kanisani alisema amepasuliwa tumbo. Mumewe alijua lakini hakuwahi kuona, kwa sababu Anésie hubadilishia nguo bafuni na komeo ameliweka. Ndani ya sidiria, upande ule, alitia soksi ya mtoto iliyokunjwa. Chibalonza aliiona ile soksi ibadani, kwa jinsi bega lilivyoinama, na ikamchukua miezi mitano ya kubembeleza mpaka Anésie akubali kupimwa. Sharti lilikuwa moja: awe peke yake. Chibalonza akaapa. Akawapigia simu wengine wote kuwaambia wiki hiyo wasije.

Jumanne yenyewe, kwenye orodha ya miadi ya duka, saa nne palikuwa na jina moja, Lyse, na ombi kwamba apimwe na Chibalonza, si mwingine. Hakumjua Lyse yeyote. Alidhani ni msichana wa Kizungu aliyesifiwa huduma, na msichana mmoja wa Kizungu, chumba cha mwisho, pazia limefungwa, hakumwona kuwa ni kitu. Anésie alifika mapema, akaingia chumba cha kwanza, akavua koti.

Saa nne kasoro kidogo akaingia mtu mrefu mwenye koti jeusi na hereni ndogo, na Chibalonza alipoinua macho akaona paji la uso la Mzee Juvénal. Juvénal ni mzee wa kanisa, mtu wa heshima, na Mungu alimpa mtoto mmoja tu, Égide, anayeendesha malori ya makontena kule Port Botany. Égide alikuwa hajaonekana ibadani karibu miaka miwili. Watu walisema ni shifti.

Mgeni aliongea kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, akitazama sakafu. Alisema aliyekuwa Égide sasa anaitwa Lyse. Alisema amekuwa akinunua sidiria mtandaoni na zinamkata mbavu, na hajui hata aanzie wapi kujipima. Alisema wasichana waliokua naye wote wanajua kwamba Aunty Chiba hatoi maneno nje, na ndiyo maana amesafiri kutoka upande wa pili wa jiji.

Niseme kweli ilivyokuwa, maana Chibalonza si malaika. Alishtuka. Alimbeba mtoto huyu mgongoni siku za picnic za kanisa. Jambo lenyewe hakulielewa, wala hajawahi kujifanya analielewa. Kampuni iliwafundisha nusu siku kwamba anayesema ni mwanamke apimwe kama mwanamke, na yeye aliitikia kwa kichwa kama walivyoitikia wengine. Lakini akaiona mikono ya Lyse ikishika na kuachia zipu ya koti, na mikono ya namna hiyo ameiona kwa wanawake mia, kila mmoja mara yake ya kwanza. Akamwonea huruma. Ilikuwa huruma ya kweli kabisa.

Kilichotakiwa hapo ni neno moja tu. Angemwambia Lyse arudi saa nane, au angemwambia Anésie kuna mtu mwingine. Hakusema lolote kati ya hayo mawili. Alijiamini, kwa kuwa miaka tisa hakuna siri iliyomponyoka, na mwenye sifa kama hiyo huona kila kitu kinawezekana. Alimtia Lyse chumba cha nne, akaacha viwili vitupu katikati, akafunga pazia mpaka mwisho, akamwambia avue juu na asubiri.

Kisha akarudi kwa Anésie. Anésie alivua blauzi, akatoa soksi, akafumba macho. Chibalonza aliligusa kovu kwa mgongo wa kidole, taratibu, akaanza kazi, na kwenye kazi yeye huongea, na haongei kwa kunong'ona. Alieleza kwamba upande huu titi halipo, kwa hiyo mkanda ndio utakaobeba uzito, na kwamba ndani ya kikombe patakuwa na mfuko wa kuwekea titi la bandia, na mtu hatajua hata akimkumbatia. Anésie alifumbua jicho moja. Akajitazama kwenye kioo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi kumi na minne, na kona ya mdomo ikaanza kucheka.

Ndipo ikatoka sauti kule mwisho, nzito, ya chini.

"Aunty, niko ready."

Anésie alinyakua blauzi akajibanza kwenye kona, ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili.

"Dada Chiba, kuna mwanaume hapo?"

Akijibu ndiyo, amemchoma kisu mtoto aliyemwamini, na anayeelewa kila neno la Kiswahili. Akijibu hapana, Anésie atasema amedanganywa akiwa uchi. Mpaka leo Chibalonza hajui alipaswa kujibu nini. Anachojua ni kile alichojibu.

"Usiogope, mama. Ni ule mutoto ya Mzee Juvénal tu. Ni wetu."

Sisi ndivyo tulivyo. Kambini, njiani, hata hapa kwenye kituo cha treni cha St Marys, mtu usiyemjua akikukaribia swali la kwanza ni mtoto wa nani. Ukishatajiwa baba, hofu inakwisha, kwa sababu mtoto wa fulani hawezi kukudhuru na akikudhuru unajua mlango wa kugonga. Hivyo ndivyo mama zetu walivyotutuliza usiku mbwa walipobweka. Chibalonza alilitoa jina la Juvénal kama mtu anavyompa mwenzake shuka la kujifunika. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, na yeye alijikwaa akiwa na moyo mweupe, jambo ambalo halikumsaidia mtu yeyote.

Hanga za nguo zikagongana chumba cha nne, pazia likavutwa. Lyse alipita kwenye ujia akiwa ameinamisha kichwa, sweta amelivaa ndani nje. Hakutazama kwenye chumba cha kwanza. Mbele ya Chibalonza alisimama kidogo.

"You said my dad's name, Aunty," alisema, bila kupaza sauti, akaondoka.

Anésie naye alirudisha soksi mahali pake, akafunga vifungo vyote hadi shingoni. Alisema tu kwamba Juvénal ana mtoto mmoja. Halikuwa swali. Akachukua koti lake na mkoba, akatoka kwa mlango wa nyuma unaoelekea maegesho.

Hesabu ya siku zilizofuata Chibalonza anaijua yeye na mto wake. Siri mbili zilikuwa nje, na kila aliyezichukua angeweza kuziachia. Anésie akifungua mdomo kwa mtu mmoja tu wa kwaya, Juvénal angesikia habari za mtoto wake kutoka kwa watu, naye ni mzee mwenye shinikizo la damu. Lyse akiwa na hasira, na haki ya hasira alikuwa nayo, na sauti ya Anésie aliijua tangu kanisani, angeweza kuisambaza siri ya mwili wa Anésie kwa ujumbe mmoja wa simu. Chibalonza alipika hakula. Binti yake alimuuliza kama anaumwa, akajibiwa kwamba ni uchovu.

Alimwandikia Lyse kuomba radhi, kwa namba iliyokuwa kwenye orodha ya miadi. Jibu lilikuja siku ya tatu, fupi, Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili. Lyse aliandika kwamba alisikia yote kuhusu ugonjwa wa yule mama, na hatamwambia mtu, kwa sababu yeye anajua kunyamaza ni kazi gani. Aliomba asitafutwe tena.

Jumapili Chibalonza alikaa benchi la nyuma. Juvénal alikuja kumsalimia kama kawaida, akamtania kuhusu vicheko vya Jumanne, na Chibalonza akacheka huku ametazama viatu vyake. Anésie aliimba kwenye kwaya, bega la kushoto limeinama vile vile. Hakuna aliyenong'ona. Hakuna aliyegeuka. Ibada ilikwisha watu wakanywa chai.

Jumatatu yake alikwenda Penrith kwa Anésie na mfuko wenye sidiria mbili na titi la bandia, saizi aliyoikumbuka kichwani, na aliikumbuka sawasawa. Anésie alifungua mlango akasimama papo hapo. Hakusema karibu. Kwetu mgeni akiachwa mlangoni ameshaambiwa mengi, lakini Chibalonza hakukwenda kutafuta kiti. Alisema ana kosa, kwamba aliapa na hakutimiza, kwamba alipaswa kumwambia kuna mtu. Akauliza, kwa aibu, kama neno limefika kwa Juvénal.

Anésie akajibu akiwa ameshika kitasa.

"Nilimkasirikia yule mtoto, sitakudanganya. Sauti ile ilinitoa roho, na wewe ulijua yupo. Lakini hakunifanyia kitu, na kwa Juvénal sitapeleka neno, hiyo ni habari yake na baba yake. Kinachoninyima usingizi ni wewe. Mimi niliogopa dakika moja tu, ukamtoa mtoto wa watu ili nitulie. Siku mwingine akiogopa, utamtoa nani?"

Akapokea mfuko kwa mikono miwili kama inavyopasa, akashukuru, akafunga mlango.

Jumanne akina mama walirudi. Walikuja sita, na bibi harusi wao, Déborah, msichana wa Goma mwenye haya, aliyeingia chumba cha kwanza akiwa amejikumbatia. Hakutaka kuvua. Shangazi yake Katungu alimshika bega akamwambia kwa sauti ya kila mtu kusikia kwamba hapa avue bila wasiwasi na aseme yote, kwa maana hakuna siri iliyowahi kutoka kwa mama huyu. Wengine wakaitikia, ni kweli, ni kweli kabisa.

Chibalonza alitaka kuwakatiza. Neno lilifika mdomoni, akaona kwamba wataanza kuuliza ni siri gani iliyotoka na ilikuwa ya nani, na hapo angelazimika kuwataja wawili wale mara ya pili. Akalimeza, akaishika futi. Déborah akamtazama, akamwamini, akaanza kufungua vifungo.