Mashine Mpya ya Kiilu

Kiilu, fundi baiskeli wa Kalamba, alining'oa jino kwa ngumi mwaka wa 1996 kwa sababu nilisema gemu za kaseti zinatosha.

"Mjinga wewe! Mashine mpya ya gemu ni ya sidii. Ukigonga mtu, damu inaruka!"

Aliingoja miaka miwili, na kila aliyebisha alikula ngumi. Ilipofika kutoka Mombasa, akakata plagi, akaunga waya kwa betri ya gari, jinsi sote tulivyowasha televisheni na gemu za kaseti. Haikuwaka. Akaitukana, akaipiga teke, akaivunjavunja kwa spana.

"Kiilu," nikamwambia, "hiyo ilitaka stima ya nguzo, si betri, na Kalamba haina. Ndiyo maana nilisema za kaseti zinatosha."

Jino la pili likatoka. Damu aliyoingoja miaka miwili ikaruka, ikamjaa shatini.