Alipona Saratani, Mkono Haukuambiwa

Asubuhi haijachangamka bado, na dobi mmoja anapiga pasi shati jeupe kwa mkono wa kushoto. Anapiga polepole, ulimi kaubana kwa meno kama mtoto anayejifunza kuandika. Ncha ya pasi inafika kwenye kola, inayumba, inaacha kikunjo. Anasonya, ananyunyiza maji, anaanza upya.

Mkono wake wa kulia umelazwa juu ya mto, kwenye kiti kilichosogezwa mezani. Umefungwa bandeji kuanzia vidoleni hadi juu ya kiwiko, lakini bandeji haifichi kitu. Umevimba ukawa kama mguu.

"Huyo ndiye bosi," anasema, akiuonyesha kwa kidevu. "Mimi nafanya kazi, yeye amekaa."

Chumba chake cha kazi kiko chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu. Wapangaji wanapopanda na kushuka, vumbi hudondoka, kwa hiyo ametandaza shuka kuukuu juu, kati ya ngazi na nguo za watu. Bomba la maji linalokatiza ukutani amelifanya la kutundikia makoti. Wateja humwita Mama Mistari, kwa kuwa suruali iliyopita mikononi mwake hutoka na mstari ambao, wao wenyewe husema, unaweza kukata mkate.

Siku hizi mistari imepinda.

"Mteja mmoja alinirudishia suruali ina mistari miwili mguu mmoja," anasimulia. "Akaniuliza, 'Mama, hii ni suruali au reli?'" Anacheka, kisha kicheko kinamkatikia. "Nilicheka naye, maana alikuwa anatania. Alipoondoka nikafunga mlango."

Miaka mitatu iliyopita aligunduliwa kuwa na saratani ya titi. Mume wake, fundi rangi, aliuza pikipiki aliyokuwa akiendea kazini. Majirani wa jengo zima wakachanga. Titi la kulia likaondolewa pamoja na matezi ya kwapani, akapitishwa kwenye dawa zilizompukutisha nywele hadi nyusi, na mwishowe akaambiwa yuko salama.

Siku aliyomaliza matibabu, majirani walikusanyika uani wakaimba. Mzee wa ghorofa ya juu, ambaye huwa hamsalimii mtu, alicheza mpaka kiatu kikamkatikia.

"Nikasimama nikawaambia, 'Nimepona, asanteni,'" anakumbuka. "Kwa kinywa changu mwenyewe."

Miezi michache baadaye, mkono ukaanza kuwa mzito. Haukuuma, ulikuwa mzito tu, kama mtu aliyebeba ndoo na kusahau kuitua. Jioni mkono wa blauzi ulimbana, asubuhi ukalegea, akajiambia ni uchovu. Baadaye hata asubuhi haukulegea. Kila aliporudi hospitali kupimwa, alimweleza daktari aliyemkuta.

"Wa kwanza aliniambia ni kawaida. Wa pili akaniambia nitazoea. Wa tatu hakuinua hata kichwa." Anaiweka pasi pembeni. "Mwili huu umeshikwa na watu wengi, wengine siwajui hata sura. Hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo kuniambia kwamba jambo hili lipo."

Kilichomfumbua macho ni pini. Fundi cherehani wa mteja mmoja alikuwa ameisahau kwenye pindo la koti. Ilimchoma kidole, akakinyonya, akaendelea na kazi. Kufikia jioni kiganja kilikuwa chekundu na cha moto, na wekundu ukawa unapanda kuelekea kiwikoni. Alitetemeka kwa homa hadi meno yakagongana. Mume wake akaazima gari la jirani, wakakimbilia hospitali.

Huko akapokewa na muuguzi wa makamo, mama mwenye sauti ya ukali. Muuguzi aliubonyeza mkono kwa kidole gumba, akaachia. Shimo likabaki pale pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Mkono huu uko hivi tangu lini?" akauliza.

"Yapata mwaka."

"Na hukusema?"

"Hapo nilitamani kumzaba kofi," anasema dobi. "Kwa mkono huo huo."

Homa ilitulizwa kwa dawa, na uvimbe ukapewa jina: limfedema. Muuguzi alivuta kiti akaeleza, na sauti yake ikawa imepoa. Chini ya ngozi, alisema, mna mifereji midogo inayokusanya maji ya mwili na kuyarudisha kwenye damu. Mifereji ya mkono hupitia kwapani. Matezi yalipoondolewa ili kuikomesha saratani, njia nayo ikaharibika. Maji yanayoingia mkononi yanashindwa kutoka kama zamani.

Dobi akauliza kama ugonjwa huo unapona. Akajibiwa kwamba kupona kabisa ni shida, lakini hutulizwa, mtu akaishi vizuri, mradi ushughulikiwe mapema.

"Neno hilo 'mapema' lilinichoma kuliko ile pini," anasema.

Yakafuata makatazo. Asibebe mizigo mizito kwa mkono ule. Aukinge na joto kali na mvuke. Asiungue, asijikate, asichubuke, kwani jeraha dogo linaweza kurudisha homa.

"Nikamwambia, 'Dada yangu, unanitajia hatari au unanitajia kazi yangu?' Akaendelea kuandika. Ningemheshimu zaidi kama angecheka."

Anayetakiwa ni daktari bingwa, aupime mkono, aamue matibabu na aagize mkono wa kubana, vazi mfano wa soksi linalozuia maji yasirundikane. Bingwa huyo hayupo karibu. Huja kwa siku chache katika hospitali kubwa ya rufaa, kisha haonekani kwa miezi. Dobi alipewa tarehe, ikasogezwa. Akapewa nyingine, nayo ikasogezwa. Na uvimbe wenyewe, muuguzi alimwambia bila kumficha, kadiri unavyokaa ndivyo ngozi inavyokuwa ngumu, na ndivyo unavyokuwa mgumu kuupunguza.

"Kwa hiyo mimi nasubiri," anasema, "lakini wenyewe hausubiri."

Muuguzi yule, pamoja na ukali wake, hakumwacha mikono mitupu. Aliwafundisha yeye na mumewe kufunga bandeji, kupaka mafuta ngozi isipasuke, na kufanya mazoezi ya kukunja na kukunjua vidole mkono ukiwa juu. Mumewe ndiye anayefunga kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, kucha zake bado zina rangi ya kuta za watu.

"Mwanzoni nilibana mno, vidole vikafa ganzi," anakiri mume huyo, mtu wa maneno machache. "Muuguzi akanigombeza kama mtoto. Sasa nabana kidogo vidoleni, nalegeza nikipanda. Sitaki makunyanzi."

"Kanizidi mimi kwa kuchukia makunyanzi," mkewe anadakia.

Nyumbani si wote wenye mikono laini. Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alikuja kumjulia hali, akautazama mkono, akavuta pumzi. "Wifi, huu si ugonjwa wa hospitali. Hapa kuna wanga." Akataka wampeleke kwa mtu wa kumchanja.

"Wifi, wanga ninaoujua mimi ni wa kutia kwenye kola," akamjibu. "Na anayetaka kunichanja mkono huu, aanze na wake."

Wifi alinuna. Tangu siku hiyo hajakanyaga pale.

Lakini maneno ya wifi, anasema, yanavumilika. Yaliyomkaa moyoni ni ya jirani mmoja wa ghorofa ya pili, mwanamke mwema aliyempikia kipindi chote cha matibabu. Dobi alikuwa amezoea kuvaa mashati ya mumewe ya mikono mirefu na kujitupia mtandio begani. Siku hiyo ngazini mtandio ukaanguka. Jirani akaona. Akasimama na kapu lake.

"Umerudi tena?" akauliza. Kisha, kwa sauti ya chini: "Si tulichanga?"

"Hakuwa na ubaya," dobi anasema, na safari hii hajaribu kucheka. "Aliuliza kama mtu aliyenunua kitu, kikaharibika. Ningemweleza nini? Kwamba saratani haijarudi, bali tiba yake ndiyo imeniachia deni? Nilisema tu, 'Ni mkono, utapona.' Nimekuwa mwongo ili watu wasinionee huruma mara mbili."

Zamani alipokea makapu kumi na mawili ya nguo kwa wiki. Sasa hayazidi matano. Mashuka ya nyumba ya wageni, kazi iliyomlisha miaka kumi, ameyaachia dobi mwingine mtaa wa pili. Mashuka mabichi ni mazito, na mkono wa kushoto peke yake hauwezi kuyakamua.

Anapolimaliza shati jeupe, simu inaita. Anaipokea, anasikiliza, anasema "ndiyo" mara kadhaa. "Asante, mwanangu," anamalizia kwa adabu, anaiweka mezani karibu na pasi.

Mumewe, aliyekuwa mlangoni na ndoo ya rangi tayari kuondoka, anageuka. "Wamesemaje?"

"Wamesogeza."

"Mpaka lini?"

"Watapiga."

Mume anaitua ndoo chini. Hatua za mpangaji mmoja zinasikika zikishuka juu ya vichwa vyao.

"Basi sikiliza," dobi anasema. "Ile tarehe waliyoisogeza leo, Jumanne ijayo, mimi naenda. Nitavaa nguo ya mikono mifupi. Nitakaa kwenye benchi la mbele kabisa, mkono juu ya mto, mpaka wafunge ofisi."

"Watakwambia bingwa hayupo."

"Najua hayupo. Siendi kumwona. Naenda ili waone anayemsubiri." Analichukua shati, analitundika kwenye bomba. "Na Jumanne itakayofuata, naenda tena."

Mumewe anamtazama, kisha anautazama mkono. "Pale kuna benchi la watu wawili," anasema.