Mabao Saba ya Wafyatua Matofali

Mume wangu Eladio ni seremala, na kwa miaka thelathini na moja hajakosa mechi ya Kuarahy, klabu yetu ya soka, hata zile za kirafiki za Januari, jua likiwaka kama tanuri. Kuarahy ikifungwa, hali chakula, na randa haigusi ubao hadi Jumatano.

Mwaka huu nilikuwa na la kuhofia zaidi. Fulgencio, kipa wetu mpya, anamchumbia binti yetu Zunilda, na Eladio alitamka mbele ya kaka zangu: "Nimtazame kwanza golini. Nikiridhika, harusi ni baada ya Pasaka."

Siku ya mechi ya kwanza ya maandalizi, alimwita kijana nyumbani mchana wanywe terere, chai yetu ya baridi. Akajaza majani kwenye pembe, akamimina maji ya barafu, akampa. Kwetu ukisema asante umejitoa, hupewi tena. Fulgencio hakusema. Nani angethubutu kumkatisha baba mkwe? Alifyonza, akarudisha, akapewa tena. Jagi la kwanza likaisha, na la pili.

"Mwachie mtoto wa watu, ana mechi," nilimwambia Eladio.

"Wanaume tunazungumza, mama."

Wapinzani walikuwa wafyatua matofali wa ng'ambo ya mto, wengine vitambi vinawatangulia. Bao la kwanza lilipita katikati ya miguu ya Fulgencio. La tatu na la nne yaliingia golini hamna mtu, maana kipa alikuwa amekimbilia nyuma ya ukuta kukojoa. Saba bila! Nilidhani macho yangu yananidanganya.

"Hata bibi yangu angedaka moja!" mtu alipiga kelele.

Eladio alinigeukia, midomo imepauka. "Zunilda haolewi na gunia lile."

Sijui sauti niliitoa wapi. "Majagi mawili kayanywa kwa kukuheshimu wewe. Mabao hayo umeyafunga wewe, Eladio."

Alinitazama kama mgeni aliyeingia bila hodi.

Jioni mashabiki walijaa ofisi ya klabu, wakitaka kipa afukuzwe. Eladio akapanda juu ya benchi. Nikaushika mkono wa Zunilda kwa nguvu. Nilijua anakwenda kuongoza kelele.

"Msimfukuze," alisema. "Mimi ndiye niliyemnywesha terere hadi akavimba. Majagi mawili."

Watu waliduwaa. Mimi zaidi. Tangu tuoane sijawahi kumsikia akikiri kosa, hata la kabati lisilofungika.

Mzee Brígido, muuza tiketi, alimnyooshea kidole. "Siku ya mechi? Una akili wewe?"

"Hakusema asante!"

"Angesemaje, punda wewe, na binti unaye wewe?"

Waliamua kipa abaki, na Eladio asimsogelee siku ya mechi. Nje, Eladio alikohoa kwanza kabla ya kumtazama Zunilda.

"Nenda kwa padri, mwanangu, mpange siku," alisema. "Lakini angalieni ratiba ya ligi kwanza."