Wifi na Ngozi ya Njano

Wifi yangu hupaka ngozi rangi, na mumewe, kaka yangu, hushona viatu kwenye karakana hiyo hiyo. Siku moja kaka alitaka njano inayowaka. Akaimwagia ngozi rangi nzito, ikatoka kahawia kama kutu.

"Si nilikwambia?" wifi akasema. "Njano inazimuliwa kwa spiriti, inapakwa nyembamba, tena na tena, juu ya ngozi nyeupe iliyoondolewa mafuta. Wewe unamimina kama uji!"

Kaka akamzaba kofi, damu ikamtoka puani. Ngozi nyeupe ilibaki moja tu na mteja alikuwa njiani, lakini kaka akaisogelea na kopo lake la rangi. Wifi alipoikumbatia, akala teke la tumbo. Hapo akaokota nyundo ya mti, akavitwanga vidole vilivyoshika kopo. Niliusikia mfupa ukilia, vidole vikavuja damu.

"Dada, umemwona huyu?" kaka akapiga kelele.

"Nimeona tangu kofi," nikamjibu. "Sogea huko, utaidondoshea damu ngozi ya watu."

Wifi akajifuta pua, akazimua rangi, akapaka. Ilitoka njano ya kiini cha yai. Sasa kaka anashona kwa vidole vilivyopinda, na kopo la rangi haligusi.